Mapigo Matano ya Mkandarasi

Saa mbili na robo asubuhi mlango wa chumba cha eko, kipimo cha picha za moyo, ulikuwa umefungwa kwa ndani, na chini yake ulipenya mwanga wa buluu wa skrini.

Inspekta aligonga, akasubiri, akagonga tena. Kituoni walimwita Bi Rula kwa sababu kila maelezo aliyoyaandika aliyapigia mstari kwa rula, hata yale ya wizi wa ndoo, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Nyuma yake alisimama koplo wake, mwanamke mwenye mabega ya mbeba mizigo. Hatua chache zaidi, kwenye benchi la ukutani, alikaa dada wa marehemu na mkoba mapajani. Alikuwa amefika kabla ya wafagizi.

"Afande," alisema dada wa marehemu, "mbona unagonga huku? Aliyemuua kaka yangu yuko ghorofa ya juu anakunywa chai."

"Nitapanda, mama. Naanzia chini."

"Bosi wako ameniahidi saa saba."

"Najua alichokuahidi."

Mkuu wa kituo alikuwa ameahidi kwamba ikifika saa saba mchana, daktari mpasuaji angetolewa hospitalini na pingu mkononi, afikishwe kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Malalamiko ya familia yalikuwa mafupi. Marehemu, mkandarasi wa majengo, aliingia hospitali kwa miguu yake ili abadilishiwe valvu ya moyo. Siku ya tatu baada ya upasuaji alitoka kwa mlango wa nyuma, amefunikwa shuka. Gazeti lilikwisha kuandika. Bi Rula alipewa asubuhi moja afunge faili, na kufunga, kwa lugha ya mkuu wake, kulimaanisha kutia sahihi.

Kitasa kilizunguka. Aliyefungua alikuwa fundi wa eko, mwanamume mwembamba ambaye wodi nzima ilimwita Jeli kwa ajili ya ute baridi aliowapaka wagonjwa kifuani kabla ya kuwapima. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbona umejifungia?"

"Baridi, afande."

"Baridi ya ndani ya jengo?"

Jeli alifuta macho kwa mkono wa koti. Nyuma yake, kwenye skrini, moyo wa kijivu ulikuwa umegandishwa katikati ya pigo, na juu yake lilisomeka jina la mkandarasi. Koplo alipita pembeni bila kuombwa, akasimama kati ya Jeli na kibodi.

"Ulikuwa unafuta?" Bi Rula aliuliza.

"Haki ya Mungu sifuti! Haifutiki hata ukitaka. Picha ikishaingia kwenye mtambo imeingia. Nilikuwa natazama kama ni mimi niliyekosea."

"Na ni wewe?"

"Sijui. Namba zinasema moyo ulikuwa mzuri. Mtu mwenye namba hizi hafi hivi, afande. Hafi."

Bi Rula alivuta kiti, akakaa mbele ya skrini. Alimtaka Jeli amweleze kazi yake kama anavyomweleza mgonjwa, na Jeli akaeleza: kifaa kinawekwa kifuani, kinatuma sauti ambayo sikio haliisikii, sauti inagonga moyo na kurudi, mashine inachora ilichogonga. Moyo unaonekana ukifanya kazi, kila chumba na kila mlango wake. Kabla ya upasuaji, picha hizo ndizo huwaambia madaktari moyo upi utavumilia kisu na upi utazimika baadaye kitandani.

"Yaani mnatabiri."

"Wenyewe wanasema hivyo. Mimi napaka jeli tu."

"Koplo," alisema Bi Rula, "mwite mpasuaji ashuke."

Mpasuaji alishuka akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani. Alikuwa mrefu, kucha zake fupi kama za mtoto wa shule siku ya ukaguzi, na alianza kusema kabla hajafika mlangoni.

"Mmesogeza saa? Niliambiwa saa saba. Nimefunga hata begi, nimeweka mswaki."

"Bado saa saba, daktari. Kaa."

Dada wa marehemu alikuwa ameinuka kwenye benchi. "Usimkalishe! Msimamishe hapo hapo, nimtazame!"

"Mama," alisema mpasuaji, "mimi nilikesha na kaka yako."

"Ulikesha naye kama fisi anavyokesha na mfupa! Kaka yangu hakuwa mtu wa kufa kifala. Amejenga nusu ya mji huu. Hata lile bweni lilipoanguka, walipotaka kumbebesha roho za watoto wale, mahakama ilimsafisha, akatoka kifua mbele. Wewe utatoka umeinama."

Koplo alifunga mlango taratibu. Bi Rula aliandika neno moja kwenye daftari lake, akalipigia mstari, akageukia skrini.

"Niambie alikufaje. Kwa maneno ya sokoni."

Mpasuaji alivua kofia. "Valvu ya kushoto ilikuwa imekakamaa. Nikaitoa, nikaweka mpya. Kazi ilikwenda vizuri, nenda kawaulize wote waliokuwemo. Lakini moyo una upande wa kulia, unaosukuma damu mapafuni. Tukimaliza kushona, upande huo ndio unaobebeshwa gunia. Ukiwa dhaifu, unaweza kushona kama malaika na mgonjwa akafa. Wake ulilegea usiku ule ule. Tulimpa kila dawa. Siku ya tatu ukasimama."

"Hukujua kwamba ni dhaifu?"

"Haukuwa dhaifu! Ndiyo sababu sielewi." Alinyoosha kidole kwenye skrini. "Kuna ukingo pale, kwenye mlango wa upande wa kulia. Moyo ukipiga, ukingo unashuka. Tunapima umeshuka milimita ngapi. Kumi na saba kwenda juu, tunapasua. Chini ya hapo tunasita, tunaanza na dawa, pengine tunaacha kabisa. Wake ulishuka kumi na tisa."

"Uliona ukishuka?"

Mpasuaji alitazama kofia mkononi. "Niliona kumi na tisa."

"Nimeuliza kama uliona ukingo ukishuka. Filamu yenyewe."

"Tuna kikao kila wiki. Wagonjwa wengi, ukuta mmoja. Inawekwa namba na picha moja iliyoganda, tunasoma, tunapita kwa mwingine. Filamu anaitazama anayepima."

"Katika hospitali zote?"

"Katika hii."

"Jeli," alisema Bi Rula, "iachie itembee."

Moyo ulianza kupiga. Bi Rula hakuutazama. Alitazama mstari wa kijani uliopita chini ya picha, uliochomoka juu kama mwiba kila moyo ulipopiga, kisha ukalala. Alichomoa rula mfukoni, akaiweka juu ya kioo.

"Usiguse skrini, afande, inachubuka," alisema Jeli.

"Sitaichubua. Igandishe. Hii miiba, mbona haijapangana sawa?"

"Moyo wake ulikuwa wa mapigo ya ovyo. Unapiga upesi, unachelewa, unapiga tena. Wengi wa umri ule wako hivyo."

Bi Rula alipima nafasi kati ya mwiba na mwiba. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili ilikuwa karibu mara mbili ya nyingine, kisha zikarudi kuwa fupi. Alisogeza rula kwenye alama ndogo ya manjano, ile inayoonyesha ni pigo lipi lililopimwa.

"Aliyepima alipima pigo hili, la baada ya nafasi ndefu. Kuna tofauti gani na mengine?"

Mpasuaji alisogea mpaka kichwa chake kikagusana na cha Jeli.

"Moyo ukichelewa kupiga," alisema polepole, "unapata muda wa kujaa. Ukijaa zaidi, pigo linalofuata linakuwa na nguvu kuliko yote."

"Kwa hiyo pigo hili linaudanganya upimaji."

"Kwa hiyo hulipimi peke yake. Kwa moyo wa ovyo unapima mapigo matano, unajumlisha, unagawanya kwa tano. Mwanafunzi anajua hilo."

"Ni kama kumpiga picha mlevi pale tu anaposimama wima," alisema koplo kutoka mlangoni, "halafu ukamwandikia cheti kwamba hanywi."

Mpasuaji alikuwa amekwisha kuchukua kipanya na kuanza kupima. Alisoma kwa sauti: kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Kumi. Kumi na mbili. Akagawanya kichwani, akarudia kugawanya.

"Hata kumi na tatu haifiki," alisema. "Nisingempasua. Nisingemgusa mtu huyu!"

Kisha aligeuka, akamkaba Jeli shingoni kwa ukosi wa koti, akambandika ukutani. "Mbwa wewe! Begi langu limefungwa kwa ajili yako!"

Koplo aliutoa mkono wake kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama anayemenya ndizi.

"Nilirekodi matano!" Jeli alilia. "Tazama mwenyewe, yako matano! Ningetaka kuficha ningerekodi hilo moja tu, mngejua wapi?"

"Kweli," alisema Bi Rula. "Anayeficha hawaachii wenzake mabaki. Wewe ulirekodi. Nani alipima?"

"Daktari wa eko. Mimi narekodi, yeye anapima na kusaini."

"Siku ile mlikaa pamoja?"

Jeli alijishika shingo. "Kwa kawaida tukipata moyo wa ovyo ananikalisha nihesabu naye, anasema macho manne hayadanganyani. Siku ile akaniambia nitoke nikanywe chai."

"Ukaenda."

"Afande, nani anakataa chai?"

Bi Rula aliomba vipimo vingine vya upande wa kulia. Vilikuwa vitatu. Katika kila kimoja kulikuwa na mapigo matano, katika kila kimoja palikuwa na nafasi moja ndefu, na alama ya manjano ilikaa juu ya pigo linaloifuata. Alivikagua vyote vinne tangu mwanzo, akaviandika, akavipigia mstari.

"Mara moja ni usingizi," alisema. "Mara nne ni mkono."

Sista mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi aliwapokea akiwa anabadilisha chupa ya maji ya mishipa, na hakuacha kazi ili aongee nao. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kama mnamtafuta wa kumlaumu, wanangu, ghorofani kwetu hamtakosa. Hapa kila mtu ana lake."

"Namtafuta aliyempima mkandarasi baada ya upasuaji," alisema Bi Rula.

"Daktari wa eko mwenyewe. Jioni ya pili, alipoanza kuvimba miguu. Nilishangaa, maana kazi ya kusukuma mashine mpaka kitandani huwa anamtuma Jeli. Siku hiyo aliisukuma mwenyewe."

"Akafanya nini?"

"Akampima. Akamfuta jeli kifuani, vizuri, kama mama anavyomfuta mtoto. Halafu akainama, akamwambia neno sikioni."

"Neno gani?"

"Kama ningelisikia nisingesema neno, ningesema lenyewe. Sikusikia. Niliona monita tu. Mapigo yalipanda ghafla mpaka kengele ikalia. Mgonjwa akafumbua macho, akamtazama. Alikuwa na mrija mdomoni. Hata kama alikuwa na jibu, hakuwa na pa kulipitishia."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, na nini? Kwamba daktari amemnong'oneza mgonjwa? Nilidhani anamwombea. Wapo wanaofanya hivyo, ingawa yeye si mtu wa maombi tena."

"Tena?"

Sista aliibana chupa mahali pake, akakagua matone yanavyodondoka. "Tangu alipozika. Alikuwa na binti mmoja. Bweni la shule liliwaangukia wakiwa usingizini. Alirudi kazini baada ya mwezi, akafunga mlango wa maneno hayo, na sisi hatukuugonga."

Koplo alimtazama Bi Rula. Bi Rula aliendelea kumtazama sista.

"Ulijua nani alijenga bweni lile?"

"Nitajuaje? Kwetu mgonjwa ni kitanda, mwanangu. Ukianza kuwauliza wamejenga nini duniani, wengine utashindwa kuwageuza."

Waliposhuka, dada wa marehemu alikuwa pale pale. Bi Rula alikaa naye kwenye benchi na kumuuliza juu ya kesi ya bweni. Dada alisema alihudhuria kila siku kumtia kaka yake nguvu. Wazazi walikuwa wengi, wakalia sana, wakatukana, mmoja akatolewa nje. Fundi wa serikali akaapa kwamba nyufa za bweni hazikuwa za kumtisha mtu, kwamba hakuna ambaye angeweza kutabiri.

"Kuna mama mmoja tu hakulia," alisema. "Alikaa mbele, anamtazama kaka kama fundi cherehani anavyomkadiria mteja. Nilimwambia kaka, yule mwanamke anakupima. Akacheka."

Ofisi ya daktari wa eko, ghorofa moja juu, ilikuwa na meza, viti vitatu na sinki. Daktari alikuwa ananawa mikono walipoingia. Alijikausha, akakaa, akawaonyesha viti. Koplo aliweka kinasa sauti mezani na kumsomea haki zake; alisikiliza mpaka mwisho na kuitikia kwa kichwa.

"Ulipima pigo la baada ya nafasi ndefu," Bi Rula alianza.

"Nilipima pigo lililoonekana vizuri zaidi."

"Mara nne?"

"Mara nne lilionekana vizuri zaidi."

"Kanuni ni mapigo matano."

"Kanuni ni matano. Nilikosea. Lipelekeni kwenye baraza la madaktari. Wataniita, watanisema, watanisimamisha kwa muda. Sitabisha."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya mgonjwa mwingine. Bi Rula alijua kwamba amekwisha kuipima sheria pia. Pigo lililochaguliwa vibaya halisemi lilichaguliwa kwa nini. Mtu anaweza kuchukia na bado akakosea tu. Kwa vipimo vinne, mwendesha mashtaka angepata uzembe, na katika uzembe jina lililokwisha kuandikwa gazetini lilikuwa la mpasuaji. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita imepita.

"Ulimjua mgonjwa?"

"Nilimjua kama mgonjwa."

"Vema," alisema Bi Rula. "Basi tumalize."

Alichukua karatasi ya maelezo, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama, akapiga mstari chini ya kila sentensi. Ilimchukua muda. Kisha akaisukuma mezani pamoja na kalamu.

Iliandikwa: *Nilipima pigo lisilofaa kwa kukosea. Sikuwa na jambo lolote na marehemu kabla ya siku hiyo. Nilipompima tena baada ya upasuaji, sikumwambia neno lolote.*

"Tia sahihi hapo chini, daktari. Ukitia, mimi sina swali tena. Utaenda kwenye baraza lako."

Daktari alisoma. Alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi.

"Hii sentensi ya mwisho. Nani amesema nilimwambia neno?"

"Sista alikuona umeinama. Hakusikia. Hakuna aliyesikia."

"Mgonjwa alisikia."

"Mgonjwa amezikwa. Ukitia sahihi, halikusemwa."

"Lilisemwa."

"Kwa sheria, daktari, neno ambalo msemaji wake amelikana na msikilizaji wake amekufa halikusemwa. Halipo. Tutaendelea kama vile halijawahi kutoka kinywani mwako."

Kalamu ilikaa pale pale. Nje mtu alipita akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Daktari aliisoma karatasi mara ya pili, kisha akaiweka kalamu juu yake, sambamba na mistari ya rula.

"Sogeza hicho kinasa sauti huku," alimwambia koplo. "Sitaki kurudia."

Koplo alikisogeza.

"Nilimwambia jina la mwanangu. Lake na la baba yake, kama lilivyosomwa mahakamani. Nikamwambia kwamba niliuona moyo wake kabla haujapasuliwa, na nilijua utasimama."

"Ulijua kwa kipimo?"

"Kipimo kilisema wazi. Sijawahi kutabiri sawasawa kama siku ile. Nilichoandika ni kinyume chake."

"Alikutambua?"

"Siku ya kumpima, hapana. Nilikaa mbele yake mahakamani mpaka hukumu, na hakunitambua. Alilala pale, akafungua shati mwenyewe. Nilipomfuta jeli akaniambia, 'Dada, una mikono miepesi.' Akanishukuru." Alinyoosha karatasi mezani. "Mpaka hapo nilikuwa sijaamua. Andika hivyo, ni kweli. Nilipima matano yote kwanza. Aliponishukuru, nikamtoa Jeli nje na kuchagua."

"Na kwa nini ulimwambia? Ungekaa kimya hakuna ambaye angekufikia."

"Angekufa bila kujua, ingekuwa ajali. Ya mwanangu waliiita ajali. Sikutaka vifo vyao vifanane."

Bi Rula aliandika. "Mpasuaji angefungwa kwa ajili yako."

"Mpasuaji angeweza kuitazama filamu. Ni dakika moja. Nilijua haitazami; miaka yote hii hajawahi kuitazama. Hilo ni lake." Alitazama saa ya ukutani. "Kufungwa sikukufikiria. Pengine ningekuja kusema kabla hawajamchukua."

"Pengine?"

"Sijui. Andika sijui."

Bi Rula aliandika *sijui*, akalipigia mstari. Karatasi ya kwanza aliikunja mara mbili na kuitia kwenye bahasha ya vielelezo. Ya pili daktari aliisoma yote, akasahihisha neno moja la kitabibu, akatia sahihi kwenye kila ukurasa.

Koplo alipokuwa akimfunga daktari pingu, Bi Rula alimpigia simu mkuu wa kituo.

"Mpasuaji aachwe," alisema. "Atahitajika kama shahidi."

Sauti ya mkuu ilisikika mpaka kwa koplo. "Nimewaahidi watu! Waandishi wako getini!"

"Uliwaahidi pingu, afande. Wataziona."

Waliteremka kwa ngazi. Dada wa marehemu alisimama alipoona chuma kikimeta. Alimtafuta mpasuaji nyuma ya koplo, na hakumwona.

"Huyu nani?"

"Ndiye aliyempima kaka yako, mama," alisema Bi Rula. "Sogea tupite."

"Amefanya nini?"

Koplo alimvuta daktari, lakini daktari alikuwa amesimama.

"Nilijua atakufa," alimwambia dada wa marehemu. "Nikaandika kwamba atapona."

"Kaka yangu ana watoto watatu!"

"Mimi nilikuwa na mmoja. Alikuwa amelala."

Dada wa marehemu aliinama, akavua kiatu, akampiga nacho mdomoni. Pigo la pili koplo alilidaka hewani. Daktari hakukinga uso. Damu ilimtoka mdomoni ikadondokea kola ya koti jeupe, na yeye akasema, "Mwache amalize." Koplo hakumwacha.

"Nitakungoja," alisema dada wa marehemu. Hakupiga kelele tena. "Ukitoka mzee, ukitoka kipofu, ukitoka unatambaa, utanikuta mlangoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

Saa saba kamili gari la polisi lilitoka getini. Dada wa marehemu alivaa kiatu chake, akarudi kwenye benchi, akakaa na mkoba mapajani.